Dakika Hamsini za Ndege, na Mahali pa Kulala

Mwalimu alikuwa na swali moja kwa kila aliyemwambia kwamba anasafiri. Hakuuliza unaenda wapi wala unarudi lini. Aliuliza, "Utalala wapi?" Alimuuliza mama aliyekuwa akipeleka samaki wa mbuta Nairobi, akamuuliza padri aliyekuwa akihamishiwa parokia nyingine, na mimi nilipopata nafasi ya chuo kikuu aliniuliza hivyo kabla hata ya kunipongeza. Nilikuwa nimefikiria kila jambo linaloweza kuniharibikia huko, mpaka namna ya kupanga foleni ya chakula. Hilo la kulala sikuwa nimelifikiria. Nilisema nitalala bwenini, halafu wiki nzima nikawa nawaza, je, bweni likijaa?

Alinifundisha jiografia katika shule ya msingi, kisha akastaafu akawa jirani tu. Boma lake na letu yalitenganishwa na ua wa minyaa, upande wa Kisian, mahali ambapo ndege zinazokuja kutua Kisumu hupita chini kiasi cha mabati kutetemeka. Sisi watoto tulizizoea. Mwalimu hakuzizoea kamwe. Ndege ikipita, alinyamaza, hata kama alikuwa katikati ya neno. Kanisani alikuwa msomaji wa Jumapili, na zaidi ya mara moja aliuacha waraka wa mtume ukining'inia hewani mpaka mngurumo uishe, huku waumini wakitazamana. Kisha aliendelea pale pale alipoachia. Alidai kwamba anaitambua kwa sauti ile inayotoka Nairobi. Siku moja alituambia kwa uhakika, "Hiyo sasa ndiyo ya Nairobi," na ikapita helikopta ya polisi. Mwalimu alikohoa, akaomba chai.

Darasani alikuwa na ramani ya Kenya iliyoliwa pembe na mchwa, na kibunda cha uzi mweusi wa cherehani. Alituita mbele wawili wawili. Mmoja anashika uzi Kisumu, mwingine anauvuta mpaka Nairobi, unanyooka. "Huo ni umbali wa ndege," alisema. Kisha tuliulaza uzi juu ya barabara, ukapinda Kericho, ukapinda tena Nakuru, ukazidi kuwa mrefu. Huo ulikuwa umbali wa gari. Halafu aliuliza: safari ya Kisumu hadi Nairobi kwa ndege inachukua muda gani? Mwenzetu mmoja, ambaye mjomba wake alikuwa amewahi kupanda, aliruka juu na kusema haifiki saa moja.

"Hiyo ni ya ndege," Mwalimu alisema. "Mimi nauliza ya mtu."

Hatukumwelewa, akatufafanulia. Safari ya mtu huanza pale anapoaga, na huisha pale anapoonyeshwa mahali pa kulala. Kabla ya hapo hajafika, hata awe ameketi kwenye kiti chako anakunywa soda yako. Alituonya tusiandike hivyo kwenye mtihani. "Wale wanaosahihisha," alisema, "hawana wazazi."

Miaka mingi baadaye nilikuwa nimehitimu, nimerudi nyumbani, na kazi sina. Aliniita kwake nimtafutie kwenye simu umbali na muda wa ndege kati ya viwanja hivyo viwili. Nilifungua kurasa nyingi kupita kiasi. Umbali haukunisumbua sana, ulikuwa chini ya kilomita mia tatu. Muda ndio ulionitesa. Ukurasa mmoja ulisema dakika arobaini na tano, mwingine hamsini, mwingine saa nzima, kwa kuwa huo ulihesabu tangu milango inapofungwa. Nilianza kumweleza tofauti zake, nikijirekebisha katikati kwa hofu ya kumpotosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, miguu yake imewekwa juu ya kigoda kwa sababu ilikuwa imeshaanza kuvimba.

"Kwa hiyo hata wao," alisema, "hawajui inaanza wapi."

Tukakubaliana kuiita dakika hamsini.

Nilijua kwa nini aliuliza. Kijiji kizima kilijua. Mwanawe wa kwanza, tuliyemwita Injinia kwa sababu ndiyo kazi yake, aliishi Nairobi, na alikuja nyumbani kwa ndege. Alikuja na ya asubuhi, akarudi na ya saa kumi na mbili jioni. Alikuja mazishini, alikuja harusini, alikuja mama yake alipofanyiwa upasuaji wa jicho. Hakukosa hata tukio moja la maana, na hakulala hata mara moja. Mkononi alikuwa na kibegi chembamba cha kompyuta, basi. Zamani, alipokuwa akisafiri kwa basi, alikaa siku nne, tano, kwa sababu hakuna anayeweza kugeuza ile safari siku hiyo hiyo na mgongo ukabaki mzima. Ndege ndiyo iliyompunguza. Nilipolitambua hilo nililiona kama kosa la hesabu na nikalirudia kichwani, lakini jibu lilibaki lile lile: kadiri njia ilivyofupika, ndivyo alivyozidi kuwa mbali.

Asiyetoka kwetu atauliza, kwani kulala ni kazi? Kwetu ni kazi. Kijana akibalehe hujengewa simba, kinyumba chake karibu na lango la baba yake. Akishaoa na kupata watoto, hategemewi kuzeekea humo. Baba humtoa. Asubuhi mapema baba hutangulia, mwana nyuma yake, na jogoo, shoka na moto, mpaka mahali ambapo baba amemchagulia. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo, hata iwe ndogo ya kuchekesha, na mwana na mkewe hulala humo usiku huo. Usiku wa kwanza ndio unaoifanya kuwa boma. Injinia alikuwa hajatolewa. Simba yake ilikuwa imeangushwa na mvua na mchwa, na mtu mwenye watoto wa sekondari hajengewi simba mpya. Katika nyumba ya wazazi hawezi kulala na mkewe. Kwa hiyo nyumbani kwao hakuwa na pa kulala. Na baba naye, kwa desturi hiyo hiyo, halali chini ya paa la mwanawe. Kwa hiyo Mwalimu, aliyefundisha nusu ya kata hii kupima njia ya Nairobi, hakuwa amewahi kwenda kumwona mtoto wake huko. Dakika hamsini, na kila upande hakuna kitanda.

Kilichonishangaza ni kwamba Mwalimu hakuwa mtu wa kung'ang'ania mila. Yeye ndiye aliyewaambia wasichana wa darasa letu wale kuku, nyama waliyokatazwa wanawake, mbele ya bibi zao na waseme Mwalimu ndiye kasema. Ndugu yake mmoja alipokufa, alikataa katakata mjane arithiwe, na wazee wakasusa chai yake mwaka mzima. Alisema mila ni kama koti, unavaa kukiwa na baridi. Lakini hili la kumtoa mwana hakulegeza hata uzi mmoja.

Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu. Katikati ya mahindi yake, chini ya njia, kulikuwa na kipande cha ardhi kisichopandwa kitu. Kilikuwa kizuri kuliko vyote, chenye mteremko mdogo, na kutoka hapo ziwa linaonekana. Alikifyeka mwenyewe. Hakuruhusu ng'ombe afungwe hapo wala dengu zianikwe hapo. Mwaka wa njaa mkewe alitaka kupanda mtama, wakanuniana. Watu walikipa jina, wakakiita Uwanja wa Ndege, kwa jinsi nyasi zilivyokatwa sawasawa kumngoja mtu wa kutua. Aliyekuwa akiongoza kicheko hicho ni mdogo wake Mwalimu, tuliyemwita baba mdogo, mzee aliyefanya kazi ya kufunga kamba kwenye feri ya Luanda Kotieno mpaka mgongo ukamkataa. Akipita hapo alipunga mikono kama anayeielekeza ndege na kupiga kelele, "Mwalimu, leo upepo ni mzuri, watatua ama?" Mwalimu hakukasirika. Alimjibu kwamba angalau yeye ana uwanja, wengine hata feri waliachwa nayo.

Siku ilifika ikawa kama watatua kweli. Injinia alipiga simu, akasema amesikia habari za miguu ya baba na yuko tayari. Yeye na mkewe wangekuja na ndege ya kwanza Jumamosi. Nguzo zilikatwa, mabati yakaletwa, baba mdogo akachagua jogoo mwekundu na kumfunga miguu. Mama yangu na mimi tuliitwa kusaidia jikoni. Nilikuwa na wasiwasi na mvua, na kuni, na kama jogoo atakufa kwa joto, nikamwekea maji mara nyingi hadi baba mdogo akaniuliza kama nataka aogelee.

Wakaja. Injinia alikuwa amevaa viatu vya ofisini na ameshika kile kibegi. Mkewe alikuwa na mkoba wa begani. Mwalimu alimtazama yule mwanamke, akatazama mkoba, akatazama kibegi. Alikuwa ameshashika fimbo yake, jogoo yuko kwapani kwa mdogo wake, na wamekwishapita lango. Alisimama pale pale njiani.

"Mtalala?" aliuliza.

Injinia alisema, "Baba, si tutafanya kila kitu? Nyumba itasimama, tutaingia, tutakaa. Lakini ndege ni ya saa kumi na mbili, na Jumapili niko na kazi saiti."

"Nimeuliza kulala."

"Baba, ni dakika hamsini tu. Nitakuja tena hata wiki ijayo."

Hakuna aliyepaza sauti. Mwalimu alimchukua jogoo kutoka kwa mdogo wake, taratibu kama anayepokea mtoto, akarudi naye mpaka jikoni, akamkabidhi mkewe. "Mpike," alisema. "Wageni wetu wanarudi leo."

Neno hilo, wageni, lilimchoma Injinia kuliko tusi. Tulimla yule jogoo mchana, wote. Saa kumi gari likaja kuwachukua kwenda uwanjani. Jioni ndege ikapita juu yetu, na Mwalimu, ambaye hunyamaza ndege ikipita, alikuwa amenyamaza tangu mchana.

Nilimkasirikia kwa niaba ya kila mtu. Wiki chache baadaye nilipata ujasiri wa kumuuliza, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga na kuyapangua. Nilimkumbusha kuku wa wasichana, nikamkumbusha mjane. Nikasema, kama mila ni koti, hili mbona hulivui?

Alikuwa akimenya karanga. Aliendelea kumenya.

"Zile nyingine, nyathina," alisema, maana aliniita mtoto wangu kwa Kiluo kila alipotaka nisikilize, "zilikuwa zinamnyima mtu kitu. Hii inanipa mtu. Usiku mmoja. Hata yeye akijenga ghorofa huko, huo usiku mmoja ni wangu."

Nikamwambia anaweza kufa kabla. Mara nilipolitamka nilitaka kulirudisha. Lakini hakushtuka. Alisema akifa, mdogo wake atashika fimbo na kumpeleka Injinia pale, na mila haitakuwa na neno. "Ataonyeshwa shamba," alisema. "Lakini hataonyeshwa na baba yake." Kisha akanisukumia karanga nile, kwa sababu nikilia, alisema, nitazijaza chumvi.

Mwaka ule miguu yake ilizidi. Moyo ulikuwa umechoka, daktari wa Kisumu alisema hivyo, akaongeza dawa. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kipande cha ardhi Mwalimu alikuwa akipumzika njiani, akijifanya anakagua mahindi. Hakuweza tena kufyeka. Nyasi zilianza kupanda, na siku moja nilimwona baba mdogo, yule mwenye mzaha, yuko pale peke yake na fyekeo, anazikata. Aliponiona alipunga mikono yake ya ndege, lakini bila moyo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi Nairobi. Kampuni ilinitumia tiketi ya ndege, kwenda asubuhi na kurudi jioni siku hiyo hiyo. Sikuwa nimewahi kupanda. Nilifika uwanjani mapema mno, mlinzi akanitazama kama ninayetaka kuhamia pale. Nilikagua kitambulisho, nikakagua vyeti, nikakagua tena kitambulisho. Nje, upande wa wanaowasili, nilimwona mtu ninayemjua. Alikuwa baba mdogo, ameketi juu ya kiti cha plastiki alichokitoa nyumbani, na miguuni pake kuna katoni yenye matundu. Katoni ikawika. Mlinzi alikuwa tayari amemwambia mara kadhaa aisogeze, naye alikuwa amejibu kila mara kwamba huyo abiria hana mzigo.

Nilimuuliza anamngoja nani. Alisema ni Mwalimu, aliyepiga simu kwamba anarudi, kisha akanieleza, na kwa mara ya kwanza hakutania. Mwalimu alikuwa ameondoka na ndege ya jioni siku mbili nyuma. Hakumuaga mtu zaidi ya mkewe na yeye. Alikuwa amejipigia hesabu kwamba mwanawe atakuja na kurudi mpaka mmoja wao afe, na kwamba kati ya wawili waliokosa pa kulala, mmoja lazima aanze. Kwa hiyo alinunua tiketi ya kwenda tu, ya ndege ya mwisho, ili hata wakimbembeleza kurudi kusiwe na ndege ya kumrudisha. Alibeba kibegi cha dawa na blanketi lake mwenyewe.

"Blanketi?" nikauliza.

"Alisema, kama ni kuvunja mwiko, atavunja akiwa amejifunika."

Ndege ilitua. Ilikuwa ile ile ambayo ingegeuka na kunipeleka mimi. Watu wakaanza kutoka, na mwishoni kabisa akatoka Mwalimu kwenye kiti cha magurudumu, blanketi la kijivu limekunjwa mapajani. Injinia ndiye aliyekuwa akisukuma. Alikuwa amevaa raba, na nyuma yake mkewe alivuta sanduku kubwa, la aina ambayo mtu hufungua kwa siku nyingi, na juu yake amefunga sufuria. Nililitazama lile sanduku kuliko nilivyowatazama wao.

Mwalimu aliniona, akainua mkono Injinia asimame. Uso wake ulikuwa umepungua, lakini macho yalikuwa ya darasani.

"Nililala," aliniambia, kabla ya salamu. Kisha, kwa kuwa hakupenda jibu lenye dosari, akaongeza, "Sebuleni. Kwenye kochi. Na blanketi langu. Lakini nililala."

Injinia aliangalia pembeni. Alisema polepole, kama anayemweleza mtu asiyekuwepo, kwamba usiku aliamka akamkuta baba yake amejikunja kwenye kochi fupi, miguu ile iliyovimba inaning'inia, na hakuthubutu kumwamsha wala kurudi chumbani. Aliketi sakafuni kando yake. Hapo akasita. "Nilikuwa sijawahi kumwona amelala," alisema.

Baba mdogo alikuwa ameshainua katoni. "Haya, twende," alisema. "Huyu mwenzenu amewika mpaka sauti imekauka."

Mwalimu akanigeukia. Nilijua linalokuja. "Na wewe, utalala wapi?"

Nikamwambia narudi leo jioni. Nilisema kwa aibu, maana tiketi yangu ilikuwa kama zote alizowahi kukata Injinia. Hakunikemea. Alisema basi nikirudi nipite pale chini, njia ni ile ile.

Sikumbuki vizuri usaili. Nilijibu, nadhani. Ninachokumbuka ni kurudi, ndege ikishuka kando ya ziwa jua likizama, na mimi nimebandika uso kwenye kioo nikitafuta mahindi yetu. Nilikuwa nimewaza kwamba kutoka juu nitakitambua kile kipande cha nyasi mara moja. Sikukiona. Mashamba yote yalikuwa yanafanana.

Kutoka uwanjani nilipanda matatu, nikashuka Kisian nikatembea. Giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Kwenye kile kipande palikuwa na kinyumba cha chumba kimoja, mabati mapya, udongo wa kuta bado unang'aa maji. Moto ulikuwa unawaka mbele yake na mke wa Injinia alikuwa anakoroga ugali kwenye ile sufuria. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, blanketi mabegani, akimngoja mdogo wake amsindikize kwenda kulala kwake, maana humo hangeweza. Nilipotaka kusalimia aliweka kidole mdomoni, akanionyesha ndani kwa kidevu.

Injinia alikuwa amelala juu ya mkeka, raba miguuni, mdomo wazi. Alikuwa ameshika nguzo tangu asubuhi, na hakuweza kungoja chakula.

Ndege nyingine ilipita juu yetu. Mwalimu aliitazama kwa hasira, kama mtu anayetazama jirani mwenye redio kubwa, kisha akageuka haraka kuona kama mwanawe ameamka. Hakuamka.

Huo ndio usiku wake mmoja, na akaishi kuuona ukianza. Tulimzika kabla mvua za mwaka uliofuata hazijakatika, na Injinia alilala boma lake siku zote za matanga. Lakini ile jioni ndiyo ya mwisho mimi na Mwalimu kuzungumza kwa mazungumzo kamili, kwa sababu kazi niliipata, nikahama.

Aliniuliza kwa kunong'ona, "Safari yako ilichukua muda gani?"

Nilifungua mdomo kusema dakika hamsini. Nikaufunga. Nilitazama upande wa pili wa minyaa, ambako mama yangu alikuwa amewasha taa na hajui kama nimefika salama.

"Sijui bado, Mwalimu," nikasema. "Sijafika."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyofanya zamani uzi uliponyooka vizuri juu ya ramani.

"Basi nenda ufike," alisema.